Milima Iliyokataa Matuta

Julai 1955, huko Matombo, upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru, umati ulikusanyika kuwaambia watawala kwamba watu wamechoka na hawachimbi tena. Polisi walifyatua risasi, mtu mmoja akafa. Ugomvi haukuwa wa mifugo wala wa mpaka wa shamba. Ulikuwa wa matuta, yale matuta ya ngazi ambayo mabwana shamba wetu mpaka leo wanayasifu kuwa ndiyo mwokozi wa udongo wa milimani.

Sasa panda leo njia ya Towelo, juu ya mji wa Morogoro, au zunguka magharibi kwa barabara ya Mzumbe mpaka Mgeta. Matuta utayaona miteremkoni, mengine yamebeba karoti, mengine kabeji, kingo zake zimeshikwa na majani ya kulishia mbuzi. Hakuna aliyesimama nyuma ya mkulima na daftari la faini. Wanaoyachimba ni wajukuu wa Waluguru walewale.

Nimeishi chini ya milima hii miaka mingi, na nina nusu eka yangu pale inapoanza kupanda. Swali hili halijaniacha: kwa nini babu alikuwa radhi kupambana na bunduki kuliko kuchimba tuta, na mjukuu analichimba kwa jembe lake mwenyewe, alfajiri, bila kuambiwa na mtu? Jibu jepesi ni kwamba babu hakuwa na elimu. Si la kweli, na wala si haki kwake. Babu alijua jambo kuhusu udongo wake ambalo mwenye amri hakulijua, na sisi tunaozungumza leo habari za rutuba na mavuno tunalisahau mara kwa mara.

Mpango wenyewe uliitwa Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru, na wengi waliufahamu kwa herufi zake za Kiingereza, ULUS. Ulibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1940, ukashika kasi kuanzia 1950. Waliouandika hawakuota tatizo. Mito iliyoteremka kutoka mlimani ilikuwa inabeba udongo, miteremko ilikuwa imekwanguka, na watu walikuwa wanaongezeka kwenye ardhi isiyoongezeka. Kwa hiyo amri ikatoka: kila kaya ichimbe matuta ya ngazi, na moto wa kuandaa mashamba upigwe marufuku. Asiyetimiza alitozwa faini.

Hebu fikiria tuta la ngazi linavyochimbwa kwenye mteremko mkali. Unakata ndani ya mlima, unavuta udongo kwenda nje, mpaka upate sehemu bapa. Ule udongo mweusi wa juu, uliojengwa na majani yaliyooza miaka nenda miaka rudi, unafunikwa na udongo mwekundu uliotoka chini. Katika sehemu kubwa ya Uluguru rutuba haizidi shubiri moja au mbili kwenda chini. Ukiipita hiyo, unakutana na udongo mgumu wenye tindikali, uliosafishwa na mvua za maelfu ya miaka mpaka haukubakiwa na chakula cha kuutegemea. Kwa hiyo mkulima alitoa jasho la msimu mzima, akapanda mahindi juu ya udongo mwekundu, na mahindi yakatoka manjano na mafupi. Jirani aliyekwepa amri na kulima mteremko wake kama zamani alivuna zaidi. Kwa mtu anayekula alichovuna, huo ulikuwa ushahidi wa kutosha.

Upande wa mashariki mambo yalikuwa mabaya zaidi. Huko ndiko upepo wa Bahari ya Hindi unakotua mzigo wake, na zipo sehemu zinazopata mvua ya karibu milimita 3,000 kwa mwaka. Tuta la bapa kwenye mteremko wa namna hiyo linashika maji kama sinia. Udongo unalowa, unakuwa mzito, na siku moja ukingo unaachia, unaondoka na tuta la chini yake, na la chini yake tena. Watu waliliona hilo kwa macho yao kabla ya mtaalamu yeyote kuliandika.

Halafu kulikuwa na suala la nani mwenye shamba. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na kwa mila ardhi ilikuwa mali ya ukoo, lukolo, chini ya mkuu wa ukoo. Mtu wa ukoo mwingine aliweza kupewa mahali pa kulima, na kwa heshima hiyo alitoa ngoto, malipo madogo ya kukiri kwamba ardhi ina wenyewe. Sasa mpe mgeni huyo amri ya kuibadilisha ardhi ya watu kwa kazi ya miaka. Yeye atajiuliza kama atakuwepo kuila faida. Wenye ardhi nao watajiuliza kama, akishaijenga hivyo, atakubali kuondoka. Roland Young na Henry Fosbrooke, waliochapisha mwaka 1960 kitabu kuhusu ardhi na siasa za Waluguru, waliliona fundo hili. Amri ya matuta ilikanyaga udongo na ukoo kwa mguu mmoja. TANU ilikuwa imezaliwa Julai 1954. Ilipofika mlimani ilikuta hasira iliyokwisha kuiva. Baada ya Matombo, matuta ya amri yakaachwa.

Lakini hayakuachwa kila mahali, na hapo ndipo habari yenyewe inapoanzia.

Mgeta, upande wa magharibi, sehemu ya matuta ilibaki. Hakuna aliyewalazimisha kuyatunza baada ya 1955, na bado waliyatunza. Huko kuna baridi, kuna vijito vinavyoweza kuelekezwa shambani, na mboga na matunda ya nchi za baridi vinakubali: kabeji, karoti, viazi mviringo, matunda damu na pichesi. Mboga zina soko Morogoro na Dar es Salaam, na mboga zinakula samadi. Tuta lililopewa samadi na maji likarudisha jasho la aliyelichimba. Tuta lilelile, milima ileile, watu walewale. Kilichotofautiana ni kwamba huku udongo ulilishwa.

Miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, SUA, kilicho pale chini ya mlima tangu kipewe hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 1984, kilishirikiana na Wanorwe kuleta mbuzi wa maziwa wa asili ya Norwe, na Mgeta ikawa mojawapo ya makao yao. Habari za mbuzi wale huandikwa zaidi kwa ajili ya maziwa, na maziwa ni jambo kubwa kwa nyumba yenye watoto. Mimi nawatazama kwa upande wa nyuma. Mbuzi wa maziwa hafungwi kambani wala haachwi arandarande. Anakaa bandani, kwenye sakafu ya mabanzi iliyoinuliwa kutoka chini, analetewa majani. Anachoangusha kinapita katikati ya mabanzi na kurundikana mahali pamoja, kikavu, tayari kuzolewa. Majani anayokula hupandwa kwenye kingo za matuta, na mizizi yake ndiyo inayozuia kingo zisimomonyoke. Kinachoshika udongo kinamlisha mbuzi, na mbuzi anaulisha udongo. Mzunguko huo ukishakamilika, tuta haliwi tena adhabu.

Naijua thamani ya samadi iliyo karibu kwa sababu nimebeba ya mbali. Fanya hesabu. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una nitrojeni kilo 23, maana asilimia 46 yake ni nitrojeni. Samadi kavu, ikiwa nzuri, ina asilimia 1 hadi 2. Ili upate kilo 23 hizohizo unahitaji zaidi ya tani moja ya samadi, na kwa debe la kichwani hizo ni safari karibu 100, kupanda mlima. Nani atazipanda? Kwa desturi yetu ni mama, na ana mtoto mgongoni. Wanaohubiri kilimo hai mezani, na mimi nawaunga mkono kwa mengi, wanapaswa kuianza hotuba yao kwenye safari hizo 100. Samadi inafaa pale mnyama anapolala juu ya shamba au kando yake. Ndiyo maana mbuzi watano wa bandani kijijini Mgeta wanaweza kuwa na faida kwa udongo kuliko kundi kubwa lililoko bondeni.

Kwa hiyo sina ugomvi na mbolea ya viwandani. Tangu msimu wa 2022/23 serikali imerudisha ruzuku, na mfuko wa urea au DAP uliokuwa umevuka 120,000 ulishuka mpaka karibu shilingi 70,000 kwa mkulima aliyesajiliwa. Hilo lilimfikia mtu wa kijijini moja kwa moja. Nitrojeni inayoondoka na tani moja ya punje za mahindi ni kilo 15 hadi 20. Ikitoka shambani mwaka hadi mwaka bila kurudishwa, hakuna dua itakayoijaza. Wakulima wetu wengi bado wanavuna kati ya tani 1 na 2 kwa hekta, ilhali ardhi hiyohiyo ikitunzwa vizuri inaweza kutoa mara mbili na zaidi. Kumwambia mtu kama huyo asiguse mfuko ni kumwambia aendelee kukopa kwenye udongo usio na kitu.

Ninachogombana nacho ni mfuko unaokwenda shambani peke yake. Mwaka mmoja nilinunua urea, nikaisubirisha mpaka mahindi yamefika magotini, kisha nikaimwaga juu ya udongo mkavu, saa sita mchana, nikarudi nyumbani nikiwa nimetosheka. Siku chache baadaye harufu kali ya mkojo ilikuwa inanusika shambani. Ilikuwa nitrojeni yangu, imegeuka hewa, inaondoka kuelekea kwa Mungu wake. Iliyobaki ilichukuliwa na mvua ya wiki iliyofuata, kwa sababu udongo wangu wa wakati huo haukuwa na kitu cha kuishikilia. Mama mmoja jirani yangu, mwenye shamba linalopakana na langu, alipita akasimama ukingoni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatazama chini kidogo, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, udongo huu umechoka. Aliyechoka humpi chumvi, unampa uji."

Sijapata maelezo bora ya kitaalamu kuliko hayo, ingawa nimeyatafuta. Kinachoshika chakula cha mmea udongoni ni mboji, yaani mabaki ya majani, mizizi na samadi yaliyooza mpaka yakawa meusi. Mboji inashika maji kama sponji, na inashika virutubisho visikimbie na mvua. Katika udongo mwekundu wa kwetu inafanya na kazi ya tatu, ambayo haisemwi sana. Udongo huu umejaa chuma na aluminiamu. Ukiweka fosforasi, madini hayo yanaing'ang'ania mpaka mmea haupati, hata kama umelipia mfuko mzima. Na tindikali ikizidi, aluminiamu yenyewe huyeyuka na kuchoma ncha za mizizi, mahindi yakabaki na mizizi mifupi kama ya kitunguu. Mabaki yanayooza huishika aluminiamu hiyo na kuifunga mikono, hivyo fosforasi ikabaki huru.

SUA wamelifanyia kazi jambo hili hapahapa Morogoro. Mwaka 2006 Susan Ikerra, Ernest Semu na Jerome Mrema walichapisha matokeo ya kuchanganya vitu viwili vinavyopatikana nchini kwetu. Kimoja ni mawe ya fosfati ya Minjingu, yanayochimbwa karibu na Ziwa Manyara. Kingine ni alizeti mwitu, ule mmea wa maua ya manjano unaojiotea kando ya barabara na kwenye mipaka ya mashamba, ambao wengi tunaufyeka na kuutupa. Majani yake yakikauka yana nitrojeni karibu asilimia 3.5 na potasiamu karibu asilimia 4, kiasi ambacho samadi nyingi haziwezi kukifikia. Walipoviweka pamoja kwenye udongo wenye tindikali, fosforasi iliyopatikana kwa mmea iliongezeka na mahindi yakaitikia. Minjingu ni jiwe, na jiwe linahitaji tindikali ili liyeyuke, kwa hiyo ubovu wa udongo wetu unageuka kuwa kazi. Mimi nilikuwa nafyeka alizeti mwitu kila mwaka na kuichoma.

Nikitaja kuchoma, sina budi kusimama kidogo. Kila Septemba na Oktoba, kabla ya vuli, ukiwa mjini Morogoro usiku unaona mistari ya moto mlimani, mirefu, mizuri kwa macho ya mgeni. Moto huo una akili yake. Unasafisha shamba kwa siku moja, unaua wadudu, na majivu yanatoa potasiamu na chokaa kidogo vinavyopunguza tindikali, hivyo zao la kwanza linastawi. Ndiyo maana marufuku ya wakoloni ilipuuzwa, na marufuku zetu nazo zinapuuzwa. Lakini nitrojeni ya majani yote yale imepaa na moshi, na mvua ya kwanza inakuta udongo uchi. Milimita 1 tu ya udongo ikiondoka kwenye hekta 1, ni mita za ujazo 10 zilizokwenda, uzito wake zaidi ya tani 10. Huwezi kuiona kwa macho. Unaiona kwenye rangi ya maji mtoni.

Na si mvua peke yake inayoushusha udongo. Watafiti wa SUA wakishirikiana na wenzao wa Ubelgiji waliupima mwendo wa udongo chini ya jembe la mkono katika Uluguru, wakachapisha mwaka 2005: mkulima anapolima ameelekea juu, kila pigo linavuta bonge la udongo kuelekea miguuni pake, yaani chini ya mlima. Hakuna mvua, hakuna upepo, na udongo unatembea. Misimu 20 ya mapigo kama hayo inatosha kuacha vichwa vya mashamba vikiwa vyekundu na mikia yake myeusi. Ukisimama upande wa pili wa bonde utaliona hilo kwenye rangi ya mahindi, manjano juu, kijani kibichi chini.

Tarehe 23 Februari 1970 mlima wenyewe ulitoa hesabu yake. Mvua ya zaidi ya milimita 100 ilinyesha Mgeta kwa muda usiotimia saa tatu. Paul Temple na Anders Rapp, waliokuwa katika utafiti wa pamoja wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kile cha Uppsala cha Sweden, walikuta maporomoko ya ardhi zaidi ya 1,000. Yalianzia mashambani na kwenye majani mafupi; ndani ya msitu yalikuwa machache mno. Mizizi mirefu ya miti ilikuwa imeshika. Tuta halikuwa na mizizi ya kina hicho, liwe limelimwa au la.

Mtu anaweza kuuliza kama kulikuwa na njia nyingine. Ilikuwepo, na ilikuwepo nchini kwetu. Wamatengo wa Mbinga, kwenye miteremko mikali vilevile, wamelima kwa ngoro zaidi ya karne moja. Wanafyeka majani, wanayalaza chini kwa mistari inayokatana ikaacha miraba, kisha wanachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafunika majani hayo. Yanabaki mashimo yanayokamata maji, yamezungukwa na matuta madogo yenye majani yanayooza tumboni mwake. Maharage hupandwa juu, mahindi yakafuata. Kushika udongo na kuulisha hapo ni kazi moja, kwa jembe moja, siku moja. Wakulima wa Mgeta nao wana ngazi zao nyembamba za asili, zinazotengenezwa upya msimu hata msimu kwa kufukia magugu na mabaki chini ya udongo. Walioandika ULUS walikuwa na hizo ngazi mbele ya macho yao.

Machakos, nchini Kenya, ilipitia njia inayofanana. Matuta ya amri yalichukiwa, halafu wakulima wenyewe wakachagua fanya juu: unachimba mfereji kufuata kontua, udongo unautupa upande wa juu, unapanda majani kwenye ukingo, na mvua za miaka michache zinakujengea ngazi polepole bila kuuzika udongo mweusi. Watu wa wilaya ile waliongezeka zaidi ya mara tano kati ya miaka ya 1930 na 1990, na ardhi ikawa bora kuliko ilivyokuwa. Wakulima walikuwa na soko la kahawa na matunda, walikuwa na samadi, na walijua shamba ni la nani.

Uluguru ya leo inaelekea huko, kwa mwendo usio sawa. Huko Kibungo Juu, kwenye vyanzo vya mto Ruvu, mashirika ya CARE na WWF yalianzisha mwaka 2006 mradi ambao wazo lake lilikuwa jipya kwetu: anayekunywa maji amlipe anayetunza udongo. Ruvu ndio mto unaoinywesha Dar es Salaam. Udongo unaoteremka unafika kwenye mitambo ya maji, na kuyasafisha maji ya tope ni gharama. DAWASCO, iliyokuwa ikisambaza maji jijini wakati huo, na Coca-Cola Kwanza wakachangia, na wakulima wakalipwa kwa matuta, fanya juu, vizuizi vya majani na miti waliyopanda. Nilipousikia mara ya kwanza niliona haki imechelewa kwa miaka 50. Babu alitozwa faini asipochimba. Mjukuu akalipwa achimbe. Wasiwasi wangu ni mmoja, kwamba mradi una mwisho na mto hauna. Mji ule unakunywa kila siku, na sioni kwa nini malipo hayo yasiwe sehemu ya kudumu ya bili ya maji. Shilingi chache kwa kila uniti, zikarudi mlimani kama samadi, miche na mbuzi, zingefanya kazi ambayo hakuna mtambo wa kusafishia maji unaoweza kuifanya.

Shirika la Sustainable Agriculture Tanzania, lililoanzishwa 2011 na Janet Maro, msomi wa SUA, pamoja na Alexander Wostry, limeshika upande mwingine wa kazi. Lina kituo cha mafunzo Vianzi, wilayani Mvomero, na linawafundisha wakulima, wakiwemo wa mlimani, kutengeneza mbolea vunde, kutandaza majani na kupanda kwa mzunguko. Lakini kazi yao iliyonigusa kuliko zote iko bondeni, kati ya wakulima na wafugaji.

Anayeishi mkoa huu anajua uzito wa maneno hayo mawili yakiwekwa pamoja. Desemba 2000, kijiji cha Rudewa Mbuyuni, Kilosa, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa mashamba na malisho. Tangu hapo kila ukame unaposhika, watu wanahesabu siku. Na bado, ukiutazama ugomvi huo kwa jicho la udongo, unakuta kila upande unakalia hazina ya mwenzake. Bomani kwa mfugaji samadi imerundikana mpaka inakuwa kero. Shambani kwa mkulima mabua na majani ya maharage yanachomwa moto wakati ng'ombe wanakonda hatua chache kutoka pale. Shirika hilo limewakalisha pamoja Mvomero wabadilishane, samadi kwa malisho, na kufundishana kupanda na kuhifadhi majani makavu. Sitasema kwamba kinyesi cha ng'ombe kitaleta amani peke yake. Nasema tu kwamba anayekungoja ulete mabua yako hana haraka ya kukulishia shamba usiku.

Bado lipo lile fundo la ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inampa mwanakijiji njia ya kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na inamtambua mwanamke sawa na mwanamume. Kwa Mluguru, ambaye ardhi imepita kwa mama tangu zamani, hilo halipaswi kuwa geni. Lakini wapo wanaolima mashamba ya kukodi kwa msimu, na hao usiwategemee kupanda mti wala kuchimba fanya juu. Mboji inajengwa kwa miaka 5 mpaka 10. Hakuna anayeweka akiba ya miaka 10 kwenye benki itakayofungwa baada ya mavuno. Bwana shamba anayewalaumu watu hao kwa uvivu aulize kwanza mkataba wao unaishia lini.

Nusu eka yangu sasa ina fanya juu mbili, na kwenye kingo nimepanda mabingobingo. Sijachoma kwa misimu kadhaa. Urea bado nanunua, nusu ya niliyokuwa nanunua, na naifukia kwenye udongo wenye unyevu, kidogokidogo, mara mbili. Mahindi yangu hayajawa ya kupigiwa picha, ila safu za juu zimeanza kufanana rangi na za chini.

Wiki iliyopita yule mama jirani alikuja kulitazama lundo langu la mbolea vunde. Nimelipanga kama alivyonielekeza: mabua yaliyokatwakatwa, alizeti mwitu mbichi, samadi ya mbuzi niliyoipata kwake, majivu kidogo, udongo kiganja kimoja kimoja, kisha tabaka zikarudiwa mpaka kimo cha kifua, na juu nikafunika kwa majani ya migomba. Katikati nimechomeka mti mrefu, mnyoofu, unaofika mpaka chini. Hakuniuliza nimeweka nini. Aliushika ule mti, akauchomoa taratibu kwa mikono miwili, akagusa ncha yake kwa kiganja, akanikabidhi. Ulikuwa wa moto, na ulikuwa unatoa mvuke.

"Haya," alisema, akivuta kanga yake begani. "Jumapili uligeuze."